Nyumba Iliyofufuliwa na Watu Waliosahauliwa: Historia ya Nyumba za Zama za Malkia Victoria katika Mtaa wa Notting Hill, London

Utangulizi

Katika matangazo ya kuuza na kupangisha nyumba mjini London kuna msemo uliozoeleka mno: nyumba ya zama za Malkia Victoria, iliyokarabatiwa, yenye starehe zote za kisasa, katika mtaa wa kihistoria. Msemo huu unaonekana kuwa wa kibiashara tu, lakini ukichunguzwa utaonekana kuwa na madai matatu ya kihistoria. Dai la kwanza ni kwamba nyumba ina asili moja inayojulikana, na kwamba asili hiyo yaweza kurudiwa. La pili ni kwamba starehe ni jambo la kisasa, yaani hapo zamani haikuwako. La tatu ni kwamba mtaa una historia, na kwamba historia hiyo ni sifa ya mali, sawasawa na idadi ya vyumba au ukubwa wa bustani.

Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo kwa kuzifuata nyumba za mtaa mmoja, Notting Hill, ulioko magharibi mwa London, tangu zilipojengwa kuanzia miaka ya 1840 hadi leo. Hoja yetu ni kwamba starehe ilikuwamo katika nyumba hizo tangu mwanzo, ila ilitoka katika mikono ya watu na si katika mabomba. Na kwamba ukarabati umerudisha matofali na lipu huku ukiyaacha nje makundi mawili: watumishi walioihudumia nyumba katika maisha yake ya kwanza, na wapangaji walioishi chumba chumba katika maisha yake ya pili.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili linatuhusu nini sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika? Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa wapangaji wa maisha ya pili walikuwa watu wa asili ya Kiafrika waliotoka visiwa vya Karibi, na neno moja la Kiafrika liliwasaidia baadhi yao kuzinunua nyumba hizo. Pili, mambo yanayofanana na hayo yanatokea katika nyumba za mawe za pwani yetu, ambako mwanalugha ana kazi ambayo mwashi na mchoraji wa ramani hawawezi kumfanyia.

Kujengwa kwa Mtaa

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia mwaka wa 1837 hadi mwaka wa 1901. Mwaka aliotawazwa, kilima cha Notting Hill kilikuwa kimezungushiwa ua na kufanywa uwanja wa mashindano ya farasi. Uwanja huo haukudumu miaka mingi. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi mzito usiofaa kwato za farasi, na wakazi wa jirani waligombea njia yao ya miguu iliyokatizwa na ua. Baada ya uwanja kufungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1840, ujenzi wa nyumba ulishika kasi juu ya ardhi ya ukoo wa Ladbroke. Barabara zilipindishwa zifuate umbo la kilima, na nyuma ya safu za nyumba pakaachwa bustani za pamoja ambazo wenye nyumba wangeingia moja kwa moja kutoka sebuleni. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka wa 1844 na 1845, liliwekwa kileleni.

Yafaa kueleza hapa jinsi nyumba hizi zilivyopatikana, kwa maana namna ya kumiliki ndiyo iliyoamua mambo mengi ya baadaye. Mwenye ardhi hakujenga wala hakuuza ardhi yake. Alimkodisha mjenzi kiwanja kwa miaka mingi, mara nyingi 99. Mjenzi akajenga kwa fedha za kukopa, kisha akauza haki ya kukaa kwa muda uliosalia. Muda ulipokwisha, ardhi na nyumba vikarudi kwa mwenye ardhi. Mjenzi, basi, alikuwa akibahatisha. Alijenga akitumaini kwamba matajiri watahamia huko, na tumaini hilo liliwavunja wengi. Katika miaka ya 1850 baadhi ya safu za nyumba za Notting Hill zilisimama muda mrefu zikiwa magofu mapya yasiyokamilika, kwa kuwa waliozianza walikuwa wamefilisika. Kuondolewa kwa kodi ya vioo mwaka wa 1845, ya matofali mwaka wa 1850, na ya madirisha mwaka wa 1851, kulipunguza gharama za ujenzi. Na reli iliyofunguliwa mwaka wa 1864 iliuleta mtaa karibu na katikati ya mji.

Chini ya kilima hicho hicho, upande wa magharibi, palikuwa na bonde la Notting Dale. Huko mfinyanzi ulichimbwa na kufanywa matofali na vigae, na wafugaji wa nguruwe waliofukuzwa sehemu nyingine za mji walihamia na mifugo yao. Tanuri moja la wafinyanzi limesalia hadi leo katika barabara ya Walmer Road. Charles Booth alipofanya uchunguzi wake mkubwa wa umaskini mjini London, kuanzia mwaka wa 1886 hadi mwaka wa 1903, alizipaka barabara rangi katika ramani kwa kadiri ya hali za wakazi: rangi ya manjano kwa matajiri, na nyeusi kwa mafukara wa mwisho. Kilima na bonde lake viliangukia katika ncha mbili za kipimo hicho, ingawa mtu angeweza kutoka kimoja hadi kingine kwa mwendo wa dakika chache. Bonde lilitoa matofali, wafuaji nguo na vibarua. Kilima kikatoa ujira.

Starehe na Mikono Iliyoileta

Nyumba ya kawaida ya kilima ilikuwa ndefu na nyembamba, ya ghorofa nne au tano, ikishikamana ukuta kwa ukuta na jirani zake. Mbele ilipakwa lipu iliyochongwa ifanane na mawe ya thamani. Nyuma, pasipoonekana na wageni, matofali mara nyingi yaliachwa wazi. Ndani kila ghorofa ilikuwa na cheo chake. Iliyo chini ya usawa wa barabara ilikuwa ya jiko, stoo na kuoshea vyombo. Iliyofuata ilikuwa ya chumba cha kulia. Juu yake palikuwa na sebule kuu ya kupokelea wageni, yenye dari ya juu kuliko zote na mapambo ya lipu mengi kuliko yote. Kisha vilifuata vyumba vya kulala vya wenye nyumba, na chini ya paa, penye dari iliyoinama, walilala watoto na watumishi. Mtu angeweza kuijua hadhi ya chumba kwa kutazama urefu wa dirisha lake.

Sasa tuitazame starehe. Chumba kilipashwa joto kwa makaa ya mawe. Makaa hayo yalimiminwa kutoka barabarani kupitia tundu la duara lenye kifuniko cha chuma, yakaangukia katika ghala lililo chini ya njia ya waendao kwa miguu. Kutoka ghalani mtumishi aliyabeba kwa ndoo hadi ghorofa ya nne, akawasha moto kabla bwana na bibi hawajaamka, na kesho yake akayateremsha majivu. Maji ya kuoga yalichemshwa jikoni, yakapandishwa kwa mitungi hadi chumba cha kulala, yakamiminwa katika beseni kubwa, na yalipokwisha kutumika yakateremshwa kwa ngazi zile zile. Vyungu vya usiku vilifuata njia hiyo. Kengele zilizofungwa kwa nyaya zilimwita mtumishi kutoka chini, na katika nyumba kubwa palikuwa na ngazi za nyuma ili asikutane na wageni. Kwa hakika nyumba nzima ilikuwa mtambo mmoja, na nguvu iliyouendesha ilikuwa magoti na mabega ya msichana aliyetoka shamba au katika familia maskini ya mjini.

Idadi yao haikuwa ndogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watumishi wa nyumbani wa Uingereza walikuwa zaidi ya milioni moja, na wengi wao walikuwa wanawake. Isabella Beeton, aliyetoa kitabu chake maarufu cha kuendesha nyumba mwaka wa 1861, aliorodhesha kazi za kila mtumishi na saa zake, na alikiri kwamba yule aliyefanya kazi zote peke yake alistahili kuhurumiwa. Na hatuna sababu ya kuyategemea maneno ya mabibi peke yake. Hannah Cullwick, aliyezaliwa mwaka wa 1833 na kufanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi, aliandika shajara za kazi yake ya kila siku, na shajara hizo zimehifadhiwa katika Chuo cha Trinity, Cambridge. Humo mna kusugua ngazi za mlango kwa magoti, kung'arisha vyuma vya meko, kuosha, kubeba na kupanda. Ni maelezo ya nyumba ile ile inayotangazwa leo, yaliyoandikwa na mtu aliyeijua kwa chini.

Kutokana na haya twaona udhaifu wa dai la pili tulilolitaja. Starehe za kisasa hazikuileta starehe mahali pasipokuwa nayo. Zilibadilisha chanzo chake. Bomba la maji ya moto limechukua nafasi ya mtungi, na mtambo wa kupasha joto nyumba nzima umechukua nafasi ya ndoo ya makaa. Mageuzi hayo hayakutokana na huruma. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 wanawake walipata kazi viwandani na maofisini, na wengi hawakutaka kuurudia utumishi. Aidha, moshi mzito uliofunika London mwezi wa Desemba 1952 na kuua maelfu ya watu ulisababisha sheria ya hewa safi ya mwaka wa 1956, na meko ya makaa yakaanza kuzimwa. Meko tunayoyaona leo yakiwa yamesuguliwa na kupambwa maua ni kaburi la kazi fulani, lakini anayeyatazama huambiwa kwamba ni pambo.

Chumba Kimoja Kimoja

Nyumba iliyojengwa iendeshwe na watumishi haiwezi kukalika na familia moja watumishi wanapotoweka. Matajiri walihamia vitongoji vipya au nyumba ndogo zaidi, na nyumba za Notting Hill zikagawanywa. Sebule kuu ikakatwa kwa mbao ikawa vyumba viwili. Jiko dogo la gesi, lenye mita ya kutumbukiza sarafu, likawekwa kwenye kikuta cha ngazi. Choo kimoja kikatumiwa na watu wa ghorofa tatu. Pamoja na hayo, miaka mingi ya kukodisha ardhi ilikuwa ukingoni, na mtu aliyebakiwa na miaka 10 au 15 ya haki yake hakuona faida ya kutengeneza paa litakalorudi kwa mwingine. Kwa njia hiyo uchakavu wa nyumba ulitokana na mkataba kabla ya kutokana na mvua.

Katika hali hiyo ndipo walipowasili wageni kutoka Jamaica, Trinidad, Barbados na visiwa vingine, hasa baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga mwaka wa 1948. Walikuwa raia halali, na Uingereza iliwahitaji katika mabasi, reli na hospitali. Lakini wenye nyumba wengi walitundika madirishani maneno ya kuwakataa, na hadi mwaka wa 1968 hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Waliokubali kuwapangisha walijua kwamba mpangaji hana pa kwenda. Sheria ya kodi za nyumba ya mwaka wa 1957 ilipoondoa udhibiti kwa vyumba vilivyoachwa na wapangaji wa zamani, kumtoa mzee wa kodi ndogo na kumwingiza mgeni wa kodi kubwa kukawa biashara. Peter Rachman, aliyefariki mwaka wa 1962, alipata sifa mbaya kwa biashara hiyo katika mtaa huu hata jina lake likageuzwa neno la kawaida la Kiingereza, lenye maana ya unyonyaji wa wapangaji kwa vitisho. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1958, magenge ya vijana wa Kizungu yaliwashambulia watu weusi barabarani na majumbani mwao kwa siku kadhaa. Mwezi wa Mei 1959 Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kuchomwa kisu alipokuwa akirudi nyumbani usiku.

Pamoja na dhiki hiyo, vyumba hivi vilikuwa na utamaduni wake. Samuel Selvon wa Trinidad aliandika riwaya yake ya The Lonely Londoners, iliyotoka mwaka wa 1956, kwa lahaja ya Karibi, kuhusu watu wa vyumba kama hivyo. Na ndani ya riwaya hiyo wahusika wanaipa mitaa majina yao wenyewe, Bayswater ikawa Maji na Notting Hill ikawa Lango. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, alianzisha sherehe za kikarnivali za ukumbini mwaka wa 1959 kuwa jibu kwa ghasia za mwaka uliotangulia. Tangu mwaka wa 1966 mtaa wenyewe ukawa na sherehe ya barabarani, ambayo imekua kuwa karnivali kubwa ya kila Agosti.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno tulilolitaja mwanzoni. Benki hazikuwa tayari kuwakopesha watu weusi fedha za kununulia nyumba. Kwa hiyo walitumia mchezo wa kuchangiana: kila mmoja hutoa kiasi kile kile kila juma, na kila juma mmoja wao huchukua chungu chote. Watu wa Jamaica huuita mchezo huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwenzi. Watu wa Trinidad huuita susu. Neno hili la pili wataalamu hulihusisha na neno la Kiyoruba èsúsú, lenye maana hiyo hiyo. Ni utaratibu ule ule ambao Waswahili huuita upatu, na ambao wanawake wa Kenya huuendesha katika vyama vyao. Neno hilo lilivuka bahari ndani ya merikebu za watumwa, likadumu mashambani mwa miwa, kisha likavuka bahari mara ya pili na kulipia malipo ya mwanzo ya nyumba katika jiji la London. Endapo kuna historia inayostahili kuandikwa juu ya mlango wa nyumba ya zama za Malkia Victoria, hii ni mojawapo. Hata hivyo ukarabati huliita kipindi hiki kipindi cha uharibifu, na kazi ya fundi wa kwanza huwa ni kuzing'oa zile mbao zilizogawa sebule.

Kurudi kwa Waungwana

Hadi katikati ya miaka ya 1950 wasomi wengi wa Uingereza waliziona nyumba za zama hizo kuwa mbaya, zisizofaa ila kubomolewa. Mtazamo ulibadilika polepole. Mwaka wa 1958 kilianzishwa chama cha kuzitetea, na waasisi wake walikutana katika nyumba nambari 18 ya Stafford Terrace, Kensington, iliyokuwa ya mchoraji wa vikaragosi Linley Sambourne na kuhifadhiwa na jamaa zake karibu kama alivyoiacha. Sheria ya mwaka wa 1967 iliziruhusu serikali za mitaa kutangaza maeneo ya kuhifadhiwa, na sheria ya mwaka wa 1969 ilipanua misaada ya serikali kwa wenye kutengeneza nyumba zao. Nia ilikuwa njema. Lakini misaada hiyo ilimfaa zaidi mwenye fedha za kuanzia, na nyumba iliyotengenezwa na kuuzwa bila wapangaji ilikuwa na bei kubwa kuliko iliyo na wapangaji. Mpangaji akawa kasoro ya nyumba, mfano wa ufa wa ukuta. Wengine walilipwa wahame, wengine walitishwa, na wengine waliongezewa kodi. Walikuwako pia waliofuata njia nyingine: shirika la makazi lililoanzishwa na kasisi Bruce Kenrick mwaka wa 1963 lilinunua nyumba zile zile na kuzitengeneza ili zikaliwe na maskini. Hivyo hatuwezi kusema kwamba kukarabati lazima kuwe kufukuza. Kinachoamua ni nani atakayelala ndani fundi akiondoka.

Mwanasosholojia Ruth Glass ndiye aliyeyapa mabadiliko haya jina, katika kitabu kuhusu London kilichotolewa mwaka wa 1964. Miaka minne kabla ya hapo, yeye huyo huyo alikuwa ameandika kitabu juu ya wahamiaji wa Karibi mjini humo. Jina alilolibuni alilijenga, kwa kejeli, juu ya neno la Kiingereza linalotaja tabaka la watu wa ukoo na ardhi. Tulitafsirije kwa Kiswahili? Neno lililo karibu ni uungwanishaji. Yawezekana kupinga kwamba uungwana katika Kiswahili ni sifa njema, adabu na utu, na kwamba kwa kulitumia tutakuwa tunasifu jambo ambalo Glass alilikosoa. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo tunaona kwamba neno linafaa, kwa sababu uungwana wenyewe una upande wa pili katika historia yetu: mwungwana alikuwa mtu huru aliyejulikana kwa kulinganishwa na mtumwa, na adabu ya mmoja ilikalia jasho la mwingine. Neno lenye kivuli hicho ndilo linalofaa kutaja starehe yenye kivuli hicho.

Katika miongo iliyofuata bei za nyumba za Notting Hill zilipanda hata zikawapita walimu na waandishi walioanza kuzifufua. Wenye nyumba walipokatazwa kuubadilisha uso wa nyumba, walichimba chini. Kulikokuwa na jiko na ghala la makaa kukaongezwa ghorofa moja, mbili, hata zaidi, za madimbwi ya kuogelea na kumbi za sinema, mpaka serikali ya mtaa ilipoweka mpaka wa ghorofa moja mwaka wa 2015. Mahali alipokuwa akiinama Hannah Cullwick na wenzake pamekuwa ghali kuliko sebule.

Na bonde? Sehemu ya nyumba kuukuu za maskini wa upande huo zilibomolewa ili kupisha barabara ya juu ya Westway, iliyofunguliwa mwaka wa 1970, na nyingine zikapisha majumba marefu ya serikali ya mtaa. Mojawapo lilikuwa Grenfell Tower, lililokamilika mwaka wa 1974. Jengo hilo nalo lilikarabatiwa. Kazi iliisha mwaka wa 2016, na ukuta wa nje ukavikwa vibao vipya vya kuzuia baridi na kuboresha sura. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kwa vibao hivyo, na watu 72 wakafa. Uchunguzi wa umma, uliotoa ripoti yake ya mwisho mwaka wa 2024, ulionyesha kwamba vifo hivyo vingeweza kuepukwa. Kwa hiyo katika eneo moja la utawala kulikuwa na ukarabati wa aina mbili. Kilimani, kila msumari uliangaliwa kwa sababu nyumba ilikuwa mali na historia. Bondeni, malalamiko ya wakazi wenyewe kuhusu usalama wao hayakusikilizwa.

Nyumba za Lamu na Kazi ya Mwanalugha

Tumesema kwamba neno uungwana lina kivuli. Kivuli hicho hakionekani mahali popote kwa uwazi kama katika nyumba za mawe za Lamu, na hii ndiyo sababu ya kuivusha hoja yetu hadi pwani. Usam Ghaidan alizieleza nyumba hizo katika kitabu chake cha mwaka wa 1975. Mgeni hupokelewa katika daka, hupita tekani na kuingia kiwanda. Mbele yake zimo misana, wa tini na wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, chumba kilichohusishwa na uzazi na kuoshwa kwa maiti. Kama ilivyo London, cheo cha chumba kimeandikwa katika mpangilio, ingawa hapa heshima huongezeka kadiri mtu aingiavyo ndani na si kadiri apandavyo. Na kwa habari ya starehe, nyumba za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na vyoo na mabirika ndani yake, hata katika ghorofa za juu, wakati ambapo wakazi wengi wa London walitegemea mashimo ya uani. Lakini maji ya birika hayakujipandisha. Yalipandishwa na watumwa, ambao utumwa wao ulikomeshwa kisheria katika nchi yetu mwaka wa 1907, na ambao katika nyumba nyingi mahali pao palikuwa ghorofa ya chini.

Mji wa kale wa Lamu ulilindwa kwa sheria ya nchi mwaka wa 1986, na mwaka wa 2001 ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba nyingi zimefufuliwa kwa ustadi, na mafundi wa mji wamepata kazi. Wakati huo huo, nyumba kadhaa mjini humo na katika kijiji cha Shela zimenunuliwa na watu wa mbali, zikatiwa umeme, maji ya mabomba na vitanda vya wageni. Hatuna haja ya kulaani jambo hili. Mwenye nyumba aliyeshindwa kuezeka paa lake ana haki ya kuuza. Ila tuseme wazi kinachotokea katika lugha. Nyumba ikiwa na wenyewe, kidaka ni mahali pa kitu fulani, na ndani ni mahali pa mtu fulani. Mtoto huyajua maneno hayo kwa kutumwa. Nyumba ikiwa ya wageni wa juma moja, kidaka ni pambo la ukutani na ndani ni chumba nambari tatu. Ukuta unabaki, jina linahama na familia.

Wasanifu wa majengo wamekwisha kupima kuta, na walifanya vyema. Kilichopimwa kidogo mno ni usemi. Nani alitumwa maji, na aliitwaje? Mtumishi alipita mlango gani? Waliokaa chini walikiitaje chumba ambacho waliokaa juu walikiita kwa jina jingine? Istilahi tulizo nazo katika vitabu ni za waungwana, kwa maana waliohojiwa kwa kawaida ni wenye nyumba. Wazao wa watumwa, wachukuzi, waashi, na wanawake waliopika uani wana msamiati wao, na wazee wanaoukumbuka wanapungua kila mwaka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nyumba ya zama za Malkia Victoria imeishi maisha matatu, na kwamba tangazo la kuiuza huchagua nusu ya maisha ya kwanza na kuyaita historia yote. Haiwezekani kuirudisha nyumba kama ilivyokuwa bila kuwarudisha waliobeba ndoo, na hakuna anayetaka hilo. Kinachowezekana, na kinachodaiwa na ukweli, ni kuwataja. Nyumba ya Notting Hill ina haki ya kukumbukwa kwa tundu lake la makaa na kwa susu iliyoinunua, sawa na inavyokumbukwa kwa lipu yake.

Kwa upande wetu, idara za Kiswahili zingefanya kazi ya maana kama zingewatuma wanafunzi wa mwaka wa mwisho kukusanya msamiati wa nyumba Lamu, Pate, Mombasa na kwingineko pwani, wakiwahoji kwanza wale ambao hawakuwahi kumiliki nyumba hizo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, subira, na kufika kabla ya mazishi.